Bwana Tamaa wa Magogoni

Sinema ile ililetwa Magogoni ili watu wamchukie Bwana Tamaa, na Kache alikuwa amejiandaa kwa hilo tangu alasiri. Alivaa leso moja mwilini na nyingine akaishika mkononi ya kujifunika uso, maana huyo Bwana Tamaa alikuwa mumewe.

Gari la serikali lilisimama uwanjani, shuka kubwa jeupe likatandazwa baina ya nguzo mbili, na watu wakaanza kujaa kabla ya Magharibi. Walitoka Mishomoroni, walitoka Junda, wengine na majamvi, wengine na watoto mgongoni. Vita vilikuwa vikipiganwa huko mbali, lakini hapa Magogoni, na Kisauni yote, vilionekana kwa jambo moja: unga. Unga uliuzwa kwa mgao, kwa kadi, katika duka moja tu, na ukikosa hapo umekosa. Kwa hiyo wakubwa waliamua kutengeneza picha ya kuwatia aibu walanguzi na wapita foleni. Mzungu aliyetumwa kuitengeneza alimwona Kenga, mume wa Kache, juu ya paa la ghala, anaezeka makuti huku akiwachekesha wenzake kwa kumwiga mnyapara, tumbo mbele, shingo nyuma. Akamwambia ashuke, akampa suti nyeupe.

"Wakianza kunizomea," Kenga alimnong'oneza mkewe pale jamvini, "mbebe Kafedha mwende nyumbani. Mimi nitafuata."

"Na wakikutupia mawe?"

"Ndiyo nakwambia mwende nyumbani."

Taa ya gari ikamulika shuka. Mwidani, mkalimani, akashika kipaza sauti. "Huyu ni Bwana Subira," akatangaza. "Mtazameni anavyongoja zamu yake!"

Watu wakamtazama. Bwana Subira alisimama kwenye foleni juani. Akasimama sana. Karani akamfokea, akavua kofia. Akaambiwa arudi kesho, akainama, akashukuru.

"Ashukuru nini?" mzee mmoja akauliza gizani. Mtoto akapiga miayo.

Kisha akaja Bwana Tamaa. Suti yake iliwaka kwenye shuka lile hata watu wakafumba macho. Kofia upande, bakora mkononi, tumbo limetangulia kama tarumbeta. Aliipita foleni nzima kama mtu anayepita mbuzi njiani, akasukuma mlango wa ofisi bila hodi, akavuta kiti cha afisa, akaketi. Akapandisha mguu juu ya mguu. Afisa akabaki wima, kinywa wazi.

Uwanja ukalipuka. Kigelegele cha kwanza kilitoka nyuma ya Kache hasa, na hakuhitaji kugeuka kujua ni cha nani. Kilikuwa cha Barke, jirani yake, ambaye ua wake na wa Kache zilitengwa na kitalu kimoja tu, ukuta mwembamba wa makuti. Mume wa Barke alichukuliwa na jeshi, akamwachia watoto watatu wadogo na mama mkwe mzee, Bi Tima, ambaye miguu ilikuwa imemkataa. Miezi ile yote Kache hakuwahi kumsikia Barke akicheka. Sasa alicheka hata akamwegemea mgongoni.

"Wallahi mtu huyu!" alisema. "Mtazame yuwaketi!"

Bwana Tamaa akaficha magunia chini ya kitanda. Akachanganya unga na chokaa. "Tazameni uovu huo!" Mwidani akapaza sauti, na watu wakautazama na kuupigia makofi. Askari walipomfunga pingu mwishoni, waliozomewa walikuwa askari. "Mwacheni! Mwacheni!" Picha ilipokwisha, uwanja mzima ukaimba ianzishwe upya.

Mzungu akamwinamia Mwidani amuulize wanasema nini.

"Wanasema wamelipenda funzo, bwana," Mwidani akajibu.

Na hapo ndipo mtu mmoja aliyewasha kiberiti alipouona uso wa Kenga. Kache alijitupia leso usoni, tayari kukimbia, lakini mikono iliyomrukia mumewe haikuwa ya kumpiga. Walimnyanyua juu mabegani, ndala moja ikamtoka, wakamzungusha uwanjani wakiimba jina ambalo si lake.

*

Siku zilizofuata Kenga hakuwa tena fundi wa makuti. Akipita njiani, wanaume waliokaa vibarazani walipandisha mguu juu ya mguu kumwamkia. Mwenye mkahawa alikataa kumruhusu anywe kahawa kwa wima. Hata kanisani, mchungaji alipohubiri juu ya tamaa, waumini waligeuka wote wakamtazama yeye, nao wanatabasamu, na mchungaji ikambidi akohoe.

"Mama Kafedha," Kenga alisema jioni moja, anakula mchicha na sima, "nimeezeka mapaa mangapi Kisauni hii? Watu hunikumbuka jina paa likivuja. Sasa wanijua mpaka Junda."

"Wanamjua Tamaa."

"Tamaa ni nani ila mimi?"

Kache akacheka. Naye, kusema kweli, moyo wake ulikuwa mkunjufu. Tangu aolewe hakuwahi kumwona mumewe akitembea kifua mbele namna ile, na haikumdhuru mtu. Ndivyo alivyodhani.

Duka la mgao lilifunguliwa kwa amri ya karani wake, Jumaa. Wanawake walifika alfajiri wakapanga foleni ukutani, na Jumaa alikuja jua limeshapanda. Alifungua dirisha nusu. Aliwaambia wanyooke. Aliyeegemea ukuta aliambiwa ukuta si wa babake. Akipima, alitikisa kibaba hadi unga ukashuka, kisha akausawazisha kwa kiganja, na uliomwagika hakuna aliyeruhusiwa kuuokota. "Simameni kama watu," alikuwa akisema, "nisione mbuzi hapa." Wanawake waliokuwa na wajukuu walijibu "abee" na "ndiyo, bwana," kwa sababu matusi hayapikwi sufuriani.

Siku ya mgao wa kwanza baada ya sinema, Kache alichukua nafasi yake mkiani kama kawaida. Mwanamke mmoja akageuka akamwona.

"Ala! Si mke wa Tamaa huyu? Mpisheni! Ukoo wa Tamaa haupangi foleni!"

Kicheko kikapita kutoka mkiani hadi dirishani. Mikono ikamsukuma mbele, huyu akimpa huyu, na Kache akaenda akiona haya, akikataa kwa mdomo huku miguu inakwenda. Dirishani Jumaa alitoa kichwa, akaelezwa, naye pia akacheka. Akampimia kibaba kikajaa kikafanya kichuguu, akaukunja mkono wake bila kukisawazisha.

"Msalimie bwana mkubwa," alisema.

Kache alirudi nyumbani jua halijachoma. Alipika mapema, akafagia uwanja, akapata hata muda wa kumsuka Kafedha nywele. Mgao wa pili hawakuhitaji kumsukuma sana.

Mgao wa tatu alikwenda mbele mwenyewe.

Siku hiyo magunia yaliletwa machache. Kache alikuwa ameshaweka sufuria mekoni aliposikia mlango wa ua wa Barke unafunguliwa, na alitaka kumwita kupitia kitaluni, kama desturi yao, amuulize habari za foleni. Alichungulia kwanza. Barke alisimama katikati ya uwanja wake, kikapu kimening'inia mkononi, chepesi. Alikipindua, akakikung'uta kama mtu anayetazamia kitu kidondoke, kisha akakitundika msumarini.

"Umepata?" sauti ya Bi Tima ikauliza kutoka ndani.

"Haukufika, mama. Uliishia kwa mtu mbele yangu."

Kache aliondoka kitaluni polepole. Hakuambiwa ni nani, lakini hakuwa mjinga. Aliyetoka mkiani akaenda mbele amesogeza kila mtu nafasi moja nyuma, na wa kwanza aliyekosa angekuwa wa mwisho aliyepata lau kila mtu angekaa pake. Nafasi ile moja ilikuwa ya Barke.

Akachota nusu ya unga wake kwenye bakuli, akalifunika kwa sahani, akazunguka hadi mlango wa mbele.

"Hodi hapa."

Barke alitoka akasimama mlangoni, hakumkaribisha ndani. Aliliangalia bakuli.

"Nimekuletea, mwenzangu. Watoto wapate chochote."

"Ahsante. Watoto wataoka mihogo."

"Barke, twaa."

"Rudi nao, Mama Kafedha." Alisema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kofi. "Tangu nizaliwe nimekula changu na nimekula cha kupewa, sioni aibu. Lakini changu mwenyewe kupewa kama sadaka, hicho sijajifunza kukila."

Mlango ukafungwa bila kishindo.

*

"Hukuomba wewe," Kenga alisema alipoambiwa. "Walikupisha wenyewe. Kosa lako li wapi?"

"Mara ya kwanza walinisukuma. Leo nilikwenda kwa miguu yangu."

"Ni mzaha wa watu, Kache. Wanafurahi. Mtu aliyechoka umnyime na mzaha?"

"Yule Tamaa wako, alipoipita foleni, ulimwona aliyekuwa mwisho?"

Kenga akafikiri. "Hawakumpiga picha."

"Basi mimi nimemwona. Anakaa hapo nyuma ya makuti, na leo ameoka mihogo."

Kenga alisukuma sahani yake. Alitoka nje akaketi juu ya kinu, magoti pamoja, kama alivyokuwa akiketi zamani.

Naye alikuwa na taabu yake. Mzungu wa sinema alikuwa ameelewa hatimaye kwamba watu hawakulipenda funzo. Alikuwa amekasirika, na katika hasira yake alikuwa na huzuni ya kweli, maana alikuwa ameshinda juani wiki nyingi kumfanya Tamaa achukize, na sasa watoto wa Mishomoroni walicheza mchezo wa Tamaa na hakuna aliyetaka kuwa Subira. Alimwagiza Kenga afuatane na gari hadi Junda, picha ikiisha asimame mbele ya watu amevaa kaptura ya mfungwa, awaambie maneno ambayo Mwidani angemfundisha.

Kache alikwenda Junda naye. Hakuweza kumwacha aende peke yake kwa kaptura.

Kaptura yenyewe ilikuwa kubwa, ikabidi aishike kiunoni kwa mkono mmoja. Alisimama kwenye mwanga wa gari, vumbi likizunguka, miguu yake myembamba ya fundi wa kupanda paa ikionekana yote. "Mimi ni Bwana Tamaa," alisema kama alivyofundishwa. "Nimepotea. Msinifuate. Fuateni mfano wa Bwana Subira."

Junda nzima ikacheka hadi ikalala chini. Walidhani hiyo ndiyo sehemu ya pili ya mchezo. "Amewapumbaza tena wakubwa!" mtu akapiga kelele. "Tazama anavyowadanganya!" Kenga akarudia maneno kwa sauti zaidi, wakacheka zaidi. Alipojaribu kuinua mkono wa pili kuwanyamazisha, kaptura ikaanza kuteremka, akaiwahi.

Kache hakucheka. Alimwona mumewe akitafuta uso wake kati ya nyuso zile, na akaelewa kuwa ile suti iliyowafurahisha wote ilikuwa imemmeza mtu aliyekuwa ndani. Hata angelia wangecheka. Alipenya watu akaenda akamvika leso yake mabegani, akamtoa kwenye mwanga.

"Hawanisikii," Kenga alisema njiani. "Nimesema kweli tupu, hawanisikii."

"Umesema kwa mdomo wa Tamaa. Nani amsikie Tamaa? Niachie mimi. Mimi nina mdomo wangu."

*

Siku ya mgao Kache alichelewa makusudi. Foleni ilikuwa imefika mbali na kona, na wa mwisho wake alikuwa Barke, aliyechelewa kwa kumwosha Bi Tima. Kache akasimama nyuma yake.

"Bibi Tamaa, mbele!" mmoja akaita.

"Hapa pananitosha."

"Usituchekeshe. Pita!"

"Nikipita mimi, mmoja wenu hapati," Kache alisema. Hakupaza sauti, lakini wanawake wa foleni husikia. "Mgao uliopita kuna mtu alirudi na kikapu kitupu kwa sababu yangu. Mlicheka, nikacheka, tukampokonya. Mimi sitapita tena."

Barke hakugeuka. Kache aliona shingo yake tu, imekakamaa.

Jumaa alitoa kichwa dirishani kuona kwa nini vicheko vimekatika. "Mke wa Tamaa! Njoo, nimeshakuwekea chako."

"Ahsante, bwana. Nitangoja zamu yangu."

"Nimesema njoo."

Jua lilikuwa limeshika kichwa. Kache alikuwa na njaa, na hakuwa amelala vizuri tangu Junda. Hakupanga alichofanya. Alitua kikapu chake chini, akakunja leso, akaketi juu ya mchanga pale pale mkiani.

"Inuka!" Jumaa akafoka. "Hapa hapakaliwi. Simama kama mtu!"

Barke alimtazama Kache chini. Alitazama dirisha. Kisha akashika buibui lake, akashuka taratibu kwa mkono mmoja, kama mtu anayeketi msibani kwa jamaa wa karibu, akaketi bega kwa bega na Kache.

"Mtu ndiye anayekaa," alisema Barke. "Mbuzi ndiye husimama."

Aliyekuwa mbele ya Barke akaketi. Wa mbele yake akasema miguu yake ilikuwa ikimwomba hilo tangu mwaka jana, akaketi. Ikawa kama mkeka unaokunjuliwa, kutoka kona hadi dirishani, leso baada ya leso, kila mtu na kikapu chake mbele ya magoti, na hakuna aliyepoteza nafasi yake.

Jumaa akafunga dirisha kwa kishindo.

Hapo wanawake waliogopa. Mmoja akaanza kuinuka, mwenzake akamshika leso. Wakaketi. Mmoja alitoa kibuyu cha maji kikapita foleni nzima. Wapita njia walisimama wakauliza, wakaambiwa, na habari ikaenda, hata mwenye duka mwenyewe, mzee mwenye kisukari na asiyependa kelele, akaja kwa miguu akiwa na kikoi cha nyumbani. Leseni ilikuwa kwa jina lake.

"Nani amefunga?"

"Wamekaa, mzee," Jumaa alisema kupitia tundu la mlango. "Hawataki kusimama."

Mzee aliwatazama wanawake wale, wengine wa umri wa dada zake. Uso ukamshuka.

"Unga hupimwa kwa kibaba au kwa miguu?" akauliza. "Fungua. Na usisawazishe kwa mkono wako."

Jumaa akafungua. Akapima huku ameuma midomo, na kila aliyeitwa aliinuka, akachukua, akaenda. Unga ulimfikia Barke. Ulimfikia na Kache pia, kibaba sawasawa, bila kichuguu.

*

Walirudi pamoja, vikapu kichwani. Walipofika pale njia inapochepuka kuelekea nyumbani kwao, Kache alisema:

"Nisamehe, mwenzangu."

"Nilikusamehe ulipoketi. Kabla ya hapo, la. Nisikudanganye."

Wakatembea kidogo.

"Lakini niambie," Kache alisema. "Wewe ndiye uliyepiga kigelegele cha kwanza. Mwidani akiwaambia huyu mbaya, huyu mbaya. Hamkuuona ubaya wake?"

"Kwani sisi vipofu? Tuliuona." Barke alirekebisha kikapu. "Mpita foleni simpendi, mwenye kutia chokaa kwenye unga Mungu amlaani. Ila sikiza. Yule Subira alisimama tangu mwanzo hadi mwisho, akafokewa, akashukuru. Huyo namjua, ndiye mimi. Nitoke nyumbani kwenda kujitazama mwenyewe nikifokewa? Mzungu akatuwekea watu wawili tu, mmoja mwema asiye na heshima, mmoja mwovu mwenye heshima. Wangaliweka wa tatu ningalimshangilia huyo."

"Wa tatu yupi?"

"Ah, sijui. Mtu mwema asiyetishika. Watu hao hawapigwi picha." Kisha akacheka, kicheko kile kile cha uwanjani, na Kache akacheka naye.

Mlangoni kwake Barke hakuaga. "Mumeo yuko kazini?"

"Anaezeka kwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Sinema wameshamwacha, wamesema hafai. Amefurahi kama mtu aliyepona homa."

"Akirudi mwambie apite kwangu. Mama ndiye peke yake Magogoni nzima hajaiona ile picha. Kila siku yuwaniuliza, nami sijui kuiga."

Kenga alipita alasiri, makapi ya makuti kichwani, kikoi kimepanda magotini. Bi Tima alikuwa ameegemezwa mito barazani, mdogo kama mtoto.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiwe mwovu mwenyewe?"

Kenga alimtazama mkewe kwanza. Kache alikuwa mekoni na Barke, wanasonga sima kwenye sufuria moja kubwa, Kafedha na watoto wa Barke wamezunguka. Kache akatikisa kichwa kukubali.

Basi Kenga akasogea katikati ya uwanja. Hakuwa na suti wala kofia. Alitoa tumbo ambalo hana, akarudisha shingo nyuma, akashika ufagio kama bakora, akatembea. Aliwapita kuku watatu bila kuwatazama, kuku wakampisha. Mabega ya Bi Tima yakaanza kutikisika, kisha kicheko kikamtoka, chembamba, cha kukwama-kwama, machozi yakimtiririka kwenye mikunjo ya mashavu.

"Audhubillahi!" alisema alipopata pumzi. "Mtu mbaya, mtu mbaya kabisa huyu! Barke! Barke!"

"Abee, mama!"

"Chakula kikiiva yeye mwanzo!"

"La, Bi," Kenga akasema, akiuegemeza ufagio ukutani na kukaa chini pamoja na watoto. "Wewe kwanza."